Sura ya Saba: Diski Inapoyumba

Mteja aliyeagiza kabati la mninga haioni mashine iliyopasua mbao zake. Anaona ubavu wa ubao. Anapitisha kiganja na kukuta mikwaruzo iliyopangana kama matuta madogo ya mchanga maji yakishakupwa, na akiinama kutazama anaona doa jeusi mahali mti ulipoungua. Fundi naye akiyaona hayo, wazo lake la kwanza ni kwamba diski imekwisha makali. Anaipeleka kunolewa. Inarudi, inapasua vizuri siku mbili tatu kwa kuwa ni kali, kisha matuta yanarudi palepale. Ananunua mpya, na hiyo mpya inafanya yaleyale.

Katika karakana za samani za Keko, Dar es Salaam, nimeona diski nne au tano zimetundikwa ukutani kwenye msumari mmoja, zote zimeachishwa kazi, na nyingi kati yake hazikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwenye kitu zilichofungiwa: shafti inayozibeba, au flanji, yaani ile sahani nene ya chuma ambayo diski huegemea kabla nati haijakazwa. Diski ndiyo inayoonekana, kwa hiyo ndiyo inayohukumiwa. Gharama ya hukumu hiyo anailipa fundi mwenyewe, maana diski ya meno ya kabaidi ya milimita 300 si kitu cha kununua kila mwezi.

Sura hii ni ya kupima kabla ya kununua. Utaratibu wake ni kuanzia ndani kwenda nje: beringi, kisha shafti, kisha flanji, na diski ije mwisho kabisa. Ukianza na diski utapata namba, lakini namba hiyo itakuwa imebeba makosa ya vitu vinne kwa pamoja, na hutajua ni la nani.

Kidole cha fundi baiskeli

Kila mtu amewahi kumwona fundi baiskeli akinyoosha ringi. Anaipindua baiskeli, miguu yake miwili inakuwa usukani na kiti, anazungusha gurudumu taratibu na kuweka ncha ya kidole gumba kwenye uma, karibu kabisa na ringi. Kidole hakitikisiki. Ringi inapopita, mahali fulani inakigusa, mahali pengine inakiacha. Hapo anajua akaze spoki ipi na alegeze ipi.

Kazi yetu ni hiyohiyo. Gurudumu lina makosa mawili tofauti, na shafti ya msumeno vilevile. La kwanza ni ringi kwenda kulia na kushoto: hilo nitaliita kuyumba. La pili ni ringi kupanda na kushuka, kama gurudumu lililopita kwenye shimo likaingia ndani upande mmoja: hilo nitaliita kudunda. Mafundi wengi huyachanganya wakasema tu kwamba mashine “inacheza”, na neno hilo linaficha jambo la tatu, mchezo wenyewe, ambao hutoka kwenye beringi iliyolika. Ukitaka kuyatenganisha, kumbuka hivi: mchezo unauona unaposukuma shafti kwa mkono bila kuizungusha, kuyumba na kudunda unaviona unapoizungusha bila kuisukuma.

Kati ya kuyumba na kudunda, adui mkubwa ni kuyumba. Sababu yake ni hesabu ndogo ambayo ningependa kila seremala aijue kwa moyo. Tuseme flanji yako imekaa kombo kidogo, na ukipima karibu na ukingo wake, milimita 30 kutoka katikati ya shafti, unapata tofauti ya milimita 0.02. Hiyo ni ndogo kuliko unene wa unywele. Lakini diski ya milimita 300 ina meno yaliyoko milimita 150 kutoka katikati, mara tano ya mbali. Kosa nalo linakua mara tano: milimita 0.10 kwenye meno. Flanji ikiwa na kosa la 0.06, meno yanatembea 0.30. Ndiyo maana mtu anaweza kuitazama flanji kwa jicho, akaipapasa, akaapa kwamba iko sawa, huku diski ikipepea mbele yake kama kitambaa.

Kudunda hakukui hivyo. Diski ikikaa nje ya katikati kwa milimita 0.06, meno yote yanahama kwa 0.06, basi. Chukua mashine ya mizunguko 3,000 kwa dakika, diski ya meno 40, ubao ukisukumwa mita 4 kwa dakika: kila jino linachukua takriban milimita 0.03 za mti. Tofauti ya kudunda inagawanyika katika meno yote, na kati ya jino moja na linalofuata huwa haizidi 0.01 hivi. Meno ya upande mmoja yatabeba mzigo uliozidi kama theluthi, yatachakaa mapema, na mashine itatetemeka. Ni hasara, lakini ubavu wa ubao hautaonyesha sana. Kuyumba ndiko kunakochora matuta.

Ushahidi ulio kwenye ubao

Dalili ya mvua ni mawingu, ila si kila wingu huleta mvua. Ubao kuungua peke yake hakuthibitishi kwamba shafti ina kosa. Kizuio ambacho hakiko sambamba na diski huunguza mti vizuri kabisa, na meno yaliyojaa utomvu hufanya hivyo pia. Kabla ya kufungua chochote, fanya jaribio la mfereji.

Tafuta kipande cha mti mgumu kilichonyooka, pasua mfereji wa kina cha kama sentimita moja, usipasue hadi chini. Pima upana wa mfereji kwa kalipa ya venia. Kisha soma upana wa meno ulioandikwa kwenye diski, mara nyingi milimita 3.2 au 2.8 au karibu na hapo. Mfereji ukiwa 3.25 kwa diski ya 3.2, huna tatizo la kukunyima usingizi. Ukiwa 3.5, kuna kitu kinatembea. Waingereza wana msumeno unaofungwa kombo kwa makusudi ili uchimbe mfereji mpana kwa pigo moja, nao huuita msumeno mlevi. Shafti yenye kosa inakufanyia ulevi huo bila kuombwa.

Pima pia nafasi kati ya tuta na tuta. Kwa mashine ile ya mizunguko 3,000 na mwendo wa mita 4 kwa dakika, diski inapomaliza mzunguko mmoja ubao umesogea milimita 1.3. Matuta yakiwa mbalimbali kwa kadiri hiyo, basi ni tuta moja kwa kila mzunguko, na hiyo ndiyo sahihi ya diski inayoyumba. Jino moja lililokaa nje ya mstari nalo huweka sahihi hiyohiyo, kwa hiyo kesi bado haijafungwa. Lakini sasa unajua inafaa kufungua mashine.

Geji, na kama huna geji

Kifaa chenyewe ni geji ya saa: uso wa mviringo kama wa saa, mshale mmoja, na kijiti kinachoingia na kutoka chini yake. Kijiti kikisukumwa sehemu ya mia moja ya milimita, mshale unasogea alama moja. Kufanana kwake na saa si kwa bahati. Mwaka 1883 John Logan wa Waltham, Massachusetts, nchini Marekani, aliomba hataza ya kipimio cha namna hii, na Waltham ulikuwa mji wa viwanda vya saa, wenye watu waliozoea magurudumu madogo ya meno yanayokuza mwendo mdogo ukaonekana. Mafundi wa injini wanaopima krenki wanacho, na wengi watakuazima kwa nusu siku ukiwaeleza unachofanya. Kiti chake ni cha sumaku, kinashika meza ya chuma. Kwa meza ya alumini utakibana kwa klampu.

Kama hakipatikani, rudi kwa fundi baiskeli. Chukua kipande cha mti mgumu, kibane kwa klampu mezani kisisogee hata kidogo, na ukizamishie skrubu ya shaba ubavuni, kichwa kikielekea diski. Zungusha diski kwa mkono, ukiisogeza skrubu nje kidogo kidogo mpaka iguse mahali pamoja tu: utasikia mkwaruzo mwepesi. Hapo ndipo pameinuka kuliko pote. Zungusha tena hadi nafasi iwe kubwa kuliko kwingine, na uingize fila, vile visahani vyembamba ambavyo fundi magari hupimia nafasi ya valvu. Kisahani kinachopita kwa kukwaruza kidogo ndicho jibu lako. Huna fila? Karatasi ya kawaida ya kuchapishia ina unene wa takriban milimita 0.1. Karatasi moja ikipita kwa taabu, jua uko kwenye 0.1, zikipita tatu, funga kazi hadi umalize sura hii.

Kupima kuanzia ndani

Kata umeme kwanza. Sisemi bonyeza kitufe cha kuzima. Nasema chomoa, au shusha swichi kuu na utundike kibao ili mwenzako asiiwashe akidhani imesahauliwa. Kwa mashine inayoendeshwa na injini ya dizeli, toa mkanda. Mikono itakuwa ndani, na shafti unaizungusha wewe.

Toa nati, toa flanji ya nje, toa diski. Sasa safisha. Vumbi la mbao likichanganyika na utomvu na joto hugeuka kuwa gamba gumu linalong’aa, rangi yake kama ya chuma chenyewe, na jicho halilioni. Lilainishe kwa mafuta ya taa, lifute kwa kitambaa kigumu, kisha pitisha ukucha kuzunguka uso wote wa flanji. Ukucha unaona kuliko jicho. Mara nyingi tatizo lote lilikuwa hapa, gamba la upande mmoja, na kazi inaishia kwenye kopo la mafuta ya taa.

Tafuta pia vinundu: mahali ambapo diski iliwahi kudondoshwa kwenye flanji, au spana iliteleza, chuma kikavimba. Shika jiwe la kunolea lililo tambarare au tupa laini sana, lilaze juu ya kinundu, uliburute taratibu. Unaondoa kilichovimba tu; kwingine usiguse.

Ukishasafisha, jaribu beringi. Weka kijiti cha geji juu ya sehemu laini ya shafti, ingiza mpini wa nyundo au kipande cha mti chini yake, uinue. Mshale ukiruka na kurudi unapoachia, hiyo ni beringi. Usiendelee. Kupima kuyumba kwa shafti iliyokaa juu ya beringi iliyolika ni sawa na kupima kitambaa mtoto akikivuta upande wa pili. Badilisha beringi kwanza, na nitarudi kwake.

Beringi ikiwa nzima, acha geji palepale na uzungushe shafti kwa kuvuta mkanda au puli, si kwa kushika shafti yenyewe, maana mkono wako utaisukuma. Angalia tofauti kati ya alama ya juu kabisa na ya chini kabisa. Hiyo ni kudunda kwa shafti. Kisha sogeza kijiti kwenye uso wa flanji, karibu na ukingo wa nje, kikiwa kimesimama wima kwa uso huo. Kikilala upande, namba itakudanganya. Zungusha huku ukisukuma shafti kidogo upande mmoja wakati wote, ili isitembee mbele na nyuma ndani ya beringi. Hiyo ni kuyumba kwa flanji, namba muhimu kuliko zote katika sura hii.

Kipimo changu ni hiki: flanji isizidi milimita 0.02, na shafti vivyo hivyo. Meno ya diski ya 300 yasizidi 0.10 kwa kazi ya samani. Kati ya 0.10 na 0.20 utapasua mbao za kuezekea bila malalamiko. Ukivuka 0.30, kuchafuka kwa ubao ndiyo shida ndogo. Diski inayosugua kuta za mfereji wake inapata joto, inapinda zaidi, inabanwa, na ubao unaweza kurushwa ukakurudia kifuani.

Weka alama kwa chokaa mahali flanji ilipoinuka zaidi. Andika namba.

Diski au flanji?

Hapa ndipo penye utamu wa kazi hii. Rudisha diski, kaza nati kama kawaida, na upime kwenye chuma cha diski, chini kidogo ya mashimo ya meno. Usipime juu ya meno, maana yamekaa kwa kupishana. Diski nyingi zina mikato myembamba ya kuruhusu chuma kipanuke kikipata joto. Inua kijiti kila unapofika hapo. Tuseme umepata 0.18. Chora alama ya chokaa kwenye diski mahali palipoinuka.

Sasa legeza nati, izungushe diski nusu mzunguko huku shafti ikibaki ilivyokuwa, kaza, pima tena. Mahali palipoinuka pakihama pamoja na chokaa ya diski, diski ndiyo iliyopinda. Pakibaki kwenye chokaa ya flanji, diski haina hatia, flanji ndiyo mkosaji. Na kama namba yenyewe imebadilika sana, mathalani kutoka 0.18 kwenda 0.02, basi wote wawili wana makosa: mmoja anatoa 0.10, mwingine 0.08. Mwanzo yalikuwa upande mmoja yakajumlika, sasa yanakabiliana na kupunguzana.

Jambo hili linakupa dawa ya leo bila kulipa hata senti. Iache diski ilivyo sasa, chora alama ya kudumu kwa kalamu ya rangi kwenye diski na kwenye shafti, na kila unapoifunga linganisha alama hizo. Umeponya dalili, ugonjwa upo. Lakini kazi ya mteja wa kesho itatoka safi.

Kuna ishara nyingine ambayo wengi hawaijui. Flanji iliyokaa kombo huinua mshale mara moja na kuushusha mara moja katika mzunguko mmoja, kwa sababu diski tambarare iliyoinama ina upande mmoja wa juu na mmoja wa chini. Ukiona mshale unapanda mara mbili na kushuka mara mbili, hiyo si flanji kamwe. Diski yenyewe imejikunja, mfano wa ubao mbichi ulioanikwa juani. Diski ya namna hiyo ni ya fundi wa kugonga na kunyoosha diski, au ni ya chuma chakavu.

Rudia kufunga na kupima mara tatu. Namba zikibadilika kila mara bila mpango, tazama nati na flanji ya nje. Flanji zimechongwa na bonde katikati ili zishike diski kwa ukingo wa nje tu. Bonde hilo likijaa gamba, diski inaegemea katikati na kuning’inia pembeni. Flanji ya nje unaweza kuitengeneza mwenyewe: tandika msasa wa namba 400 juu ya kioo kinene, iburute kwa mwendo wa namba nane, mpaka ukingo wote ung’ae sawasawa. Nayo nati usiikaze kwa bomba refu la kuongezea nguvu. Kukaza kupita kiasi hukunja flanji nyembamba na kuleta kosa ambalo halikuwapo.

Angalia na tundu la diski. Shafti ya inchi 5/8 ni milimita 15.875, na kuna diski zenye tundu la milimita 16. Tofauti ni 0.125, diski inaingia ikicheza na itadunda. Vivyo hivyo diski ya tundu la milimita 30 inayofungwa kwenye shafti ya inchi moja kwa pete ya kujazia. Pete nzuri iliyokerezwa haina neno. Pete iliyokatwa kutoka bati haifai, hata ukiisifu.

Mashine zetu wenyewe

Vitabu vingi vya ughaibuni vinadhani msomaji ana mashine ya kiwandani iliyopakiwa kwenye sanduku. Misumeno mingi inayopasua mbao zetu imechomelewa hapahapa: fremu ya vyuma vya pembe, meza ya bamba, shafti iliyokerezwa kutoka ekseli kuukuu ya gari, na beringi mbili za kukalia, mara nyingi za aina ya UCP 205 kwa shafti ya milimita 25. Naziheshimu mashine hizi. Zimejenga paa za nchi hii. Ila zina makosa yao ya kuzaliwa, na inafaa kuyajua.

La kwanza ni skrubu mbili ndogo zinazobana beringi hizo kwenye shafti. Ili beringi iingie kwa mkono, tundu lake huwa kubwa kuliko shafti kwa nafasi ndogo. Skrubu zikikazwa zinaisukuma shafti upande mmoja wa nafasi hiyo. Shafti nyembamba kidogo kuliko inavyopaswa, na hizo ni nyingi, inadunda kwa sababu hiyo tu. Dawa ni shafti ya kipimo sahihi, siyo kukaza skrubu zaidi.

La pili ni welda. Mtu anaongeza mguu kwenye fremu, anabana waya wa eathi kwenye puli kwa sababu ndiyo iliyo karibu, na umeme wa kuchomelea unapita ndani ya beringi. Unachoma vishimo vidogo kwenye gololi na njia zake. Wiki chache baadaye beringi inaunguruma na hakuna anayekumbuka kisa. Waya wa eathi uwe karibu na mahali panapochomelewa, upande uleule wa fremu, daima.

Kwa mashine zenye beringi za kubonyezwa ndani, soma namba iliyo ubavuni: 6203 ni ya shafti ya milimita 17, 6204 ya 20, 6205 ya 25. Nunua zenye herufi 2RS, maana zina mpira pande zote mbili unaozuia vumbi. Za ZZ zina bati, na vumbi laini la mbao hupenya. Wakati wa kuiingiza kwenye shafti, sukuma pete ya ndani kwa kipande cha bomba, usigonge pete ya nje, kwa sababu kila pigo linapitia kwenye gololi. Ikigoma, ipashe moto mkavu, usiizamishe kwenye mafuta, na isizidi nyuzijoto 80 hivi, itateleza yenyewe.

Kwenye mashine ya kukereza

Ikiwa beringi ni nzima, flanji safi, na bado geji inasema 0.05, imebaki shafti kutolewa. Ipeleke kwa fundi wa kukereza na usimwambie tu “nyoosha”. Kunyoosha shafti kwa jeki kunawezekana, lakini chuma kilichokunjwa na kukunjuliwa mara nyingi hurudia kupinda kikipata joto na mtikisiko. Kama imepinda, tengenezewa nyingine.

Neno la kumwambia fundi ni hili: viti vya beringi, sehemu inayokaa diski, na uso wa flanji vikerezwe kwa kufungwa mara moja, kati ya senta mbili, bila kuifungua shafti katikati ya kazi. Akimaliza upande mmoja, akaigeuza na kuifunga upya kwenye chaki, senta ya kwanza na ya pili hazitalingana, na flanji itazaliwa ikiwa kombo. Atakwambia inachukua muda zaidi. Mlipe muda huo. Mwambie pia diski inazunguka upande gani, ili hesi za nati zikatwe kwa upande ambao kazi inaikaza badala ya kuifungua.

Wapo wanaosawazisha flanji ikiwa ndani ya mashine, kwa kuwasha mota na kuegemeza jiwe la kunolea lililobanwa kwenye kipande cha chuma mezani. Njia hii inafanya kazi beringi zikiwa nzima na jiwe likiwa halitikisiki, kugusa kwa sekunde chache, kuzima, kupima, kurudia. Ni kazi ya mtu mwenye subira na miwani ya kinga. Kufanya hivyo kwa grenda ya mkononi ni kuiua mashine. Na kuweka kipande cha karatasi nyuma ya diski ili kuinyoosha, jambo ninaloliona mara kwa mara, hakufai: karatasi inabonyea, inaungua, na baada ya mbao ishirini umerudi ulipoanza. Karatasi tuitumie kupimia.

Kijana mmoja aliyekuwa akijifunza kazi aliniuliza, baada ya nusu siku ya kupima, “Mzee, sasa tumetengeneza nini?” Mashine ilionekana vilevile. Nikampa ubao wa mkongo aupasue, kisha nikamwambia aupitishie kiganja. Akaupitisha mara mbili, akaenda kuzitoa zile diski ukutani, akazifunga moja baada ya nyingine na kuzipima. Tatu kati ya tano zilirudi kazini siku ileile.

Ukimaliza, andika namba zako nne upande wa ndani wa kifuniko cha mashine kwa kalamu ya rangi isiyofutika: mchezo wa beringi, kudunda kwa shafti, kuyumba kwa flanji, kuyumba kwa diski, pamoja na tarehe. Pima tena baada ya miezi sita, na siku yoyote ubao utakapobanwa kwa nguvu kwenye diski.